Mwafaka wa Turufu Unapopotea Mnadani: Dalili, Chanzo na Tiba katika Mchezo wa Briji

Mashindano ya jozi yanapokwisha na matokeo kubandikwa, wachezaji wengi wa briji hugundua kwamba alama walizozikosa hazikupotea wakati wa kucheza karata, bali zilipotea mapema, katika mnada, pale ambapo wao wawili walikuwa na kopa nane au tisa lakini wakaishia kwenye mkataba usio na turufu, au kwenye turufu ya jamii nyingine iliyo nyembamba. Mwongozo huu unahusu hasara ya namna hiyo peke yake. Unachukua kwamba msomaji anajua kucheza, anajua kuhesabu pointi (ree, yaani A, 4; mfalme, K, 3; malkia, Q, 2; ghulamu, J, 1), na ameshakutana na makubaliano ya kawaida ya mnada, ila yanamponyoka mezani.

Kwanza tukubaliane maneno. Jamii nne za karata ni shupaza (♠), kopa (♥), uru (♦) na pau (♣). Shupaza na kopa nitaziita jamii kuu, uru na pau jamii ndogo. Mkataba usio na turufu nitauandika NT kama ulivyochapwa kwenye kadi za mnada. Kila neno la mnadani, iwe ni kutaja mkataba, kupiga dabo au kusema pasi, nitaliita tamko. Mfunguzi ni anayetaja mkataba wa kwanza, na mjibu ni mwenzake. Mwafaka ni jamii ambayo mkono wako na wa mwenzako kwa pamoja zina karata nane au zaidi. Mifano yote inafuata mtindo ambao ufunguzi wa 1♥ au 1♠ unaahidi karata tano, na ufunguzi wa 1NT unaahidi mkono uliosawazika wenye pointi 15 hadi 17.

Mwafaka hauhitaji bahati kubwa. Mikono miwili ina karata 26 katika jamii nne, na ili pasiwepo hata jamii moja yenye karata nane, mgawanyo lazima uwe 7-7-6-6 au 7-7-7-5 na si vinginevyo. Jozi ambayo kila mara inasema haikupata turufu ya pamoja, basi, ilikuwa nayo mara nyingi na haikuiona. Faida ya kuitafuta katika jamii kuu ni ya hesabu pia: 4♥ na 4♠ hutimiza mkataba kamili, yaani ule wenye zawadi kubwa ya alama, kwa duru kumi, ilhali 5♣ na 5♦ hudai kumi na moja, na 3NT, ingawa inadai tisa tu, haina turufu ya kuwazuia wapinzani wakishaishika jamii yao ndefu.

Njia yangu ya uchunguzi ni moja, na nimeitumia kwa miaka mingi na wenzangu wa mezani. Mkono ukiharibika, andikeni mnada mzima kwenye karatasi mbili, kila mmoja yake, bila kuongea. Chini ya kila tamko kila mmoja aandike idadi ya karata ambayo, kwa uelewa wake, tamko hilo limeahidi katika jamii fulani. Kisha linganisheni. Tamko la kwanza ambalo namba zenu zinatofautiana ndilo chanzo cha ugonjwa, hata kama kosa lilionekana matamko matatu baadaye.

Mmecheza 3NT mkaanguka, na baadaye mnaona mlikuwa na shupaza nne kwa nne

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi kuliko zote, na hutokea hata kwa jozi zinazoamini zinaijua vizuri kanuni ya Stayman. Kanuni yenyewe ilivumbuliwa na Mmarekani George Rapée, lakini ilipewa jina la mwenzake, Samuel Stayman, aliyeichapisha mwaka 1945 katika jarida la The Bridge World; huko Uingereza, J. C. H. Marx alikuwa amefikia wazo kama hilo kwa njia yake mwenyewe. Baada ya 1NT, tamko la 2♣ halisemi lolote kuhusu pau, bali linauliza: je, una karata nne katika jamii kuu? Mfunguzi hujibu 2♥ au 2♠ kama anayo, na 2♦ kama hana.

Tazama mikono hii miwili:

Mfunguzi: ♠ A J 8 4 ♥ A K 7 2 ♦ A 9 6 ♣ 10 5
Mjibu: ♠ K Q 6 3 ♥ 8 4 ♦ K Q 7 5 ♣ 8 6 3

Mnada unaanza 1NT, 2♣, 2♥. Mjibu hana kopa nne, ana pointi za kutosha, basi anataja 3NT, na mfunguzi anasema pasi. Wapinzani wanaanza na pau. Wana pau nane kati yao, na zikiwa zimegawanyika tano kwa tatu wanakula duru tano kabla ninyi hamjashika hata moja. Mkataba wa 4♠ kwa karata hizohizo hupoteza pau mbili tu, kwa kuwa ya tatu inakatwa kwa turufu, na shupaza tano za wapinzani zikigawanyika tatu kwa mbili duru kumi zinapatikana bila shida.

Nani amekosea? Wengi humlaumu mjibu kwa kutotaja shupaza zake. Mjibu hana kosa. Aliposema 2♣ aliahidi jamii kuu yenye karata nne. Alipoikataa kopa, jamii hiyo haikuweza kuwa nyingine ila shupaza. Chini ya tamko la 2♣ mjibu ameandika "nne katika mojawapo", na mfunguzi hakuandika kitu, kwa sababu alilichukulia kama swali tupu na si kama ahadi. Tiba ni kwa mfunguzi mwenye shupaza nne na kopa nne kuibadilisha 3NT kuwa 4♠ kila mara. Kama mjibu angesema 2NT badala ya 3NT, yaani mwaliko, mfunguzi angetaja 3♠ akiwa na mkono hafifu na 4♠ akiwa na mkono wa juu. Kuna jozi ambazo zimekubaliana kwamba 2♣ inaweza kutumika kama daraja la kufikia 2NT bila jamii kuu yoyote; kwao tiba hii haifanyi kazi, nao wanapaswa kukubaliana waziwazi kuhusu jambo hilo kabla ya mchezo.

Chanzo cha pili ni mfunguzi anayeficha. Ana ♥ 9 7 5 3, anaona aibu kuzitaja, anajibu 2♦. Stayman haiulizi ubora wa karata, inauliza idadi. Kopa nne dhaifu mkononi mwako mbele ya K Q J 8 za mwenzako ni turufu nzuri sana, na wewe huwezi kujua alichonacho mpaka utakapojibu ukweli.

Chanzo cha tatu ni mjibu anayeuliza bila kuwa na njia ya kutokea. Akiwa na pointi nne na shupaza nne, kopa mbili, uru mbili na pau tano, anasema 2♣ akitumaini 2♠. Anajibiwa 2♦, na sasa hana pa kwenda. Kwa mkono dhaifu, Stayman inafaa pale tu unapoweza kusema pasi kwa jibu lolote litakalokuja, kwa mfano ukiwa na karata nne katika kila jamii kuu na nne au tano za uru. Nje ya hapo, subiri uwe na pointi nane hivi.

Mkono dhaifu umeachwa kwenye 1NT, au mfunguzi amesema pasi kwenye 2♦

Mjibu ana ♠ 7 3 ♥ Q 9 8 6 5 4 ♦ 8 2 ♣ J 7 4. Katika 1NT mkono huu hauleti takriban chochote. Katika 2♥ kopa zake sita zinaweza kuleta duru nne au zaidi. Chombo cha kazi hii ni uhamisho, uliotangazwa Uswidi na Olle Willner na kuenezwa Marekani na Oswald Jacoby mwaka 1956: baada ya 1NT, 2♦ inamwamuru mfunguzi ataje 2♥, na 2♥ inamwamuru ataje 2♠. Kila mara ahadi ni karata tano au zaidi. Mkono wenye nguvu unabaki umefichwa, karata ya kwanza ya wapinzani inakuja kuelekea kwake, na mjibu anapata nafasi ya kusema mara ya pili.

Wanaoutumia uhamisho huu huharibu katika nafasi hiyo ya pili. Mjibu akitaja 3NT baada ya uhamisho, ameandika tano kamili: mfunguzi mwenye tatu anahamia kwenye jamii kuu, mwenye mbili anaacha. Mjibu mwenye sita hataji 3NT. Anataja nne za jamii hiyo moja kwa moja, kwa sababu anajua mfunguzi ana angalau mbili na hesabu yake imeshafika nane. Nimeona mara nyingi mjibu mwenye sita akimpa mwenzake chaguo ambalo halihitajiki, na mwenzake mwenye mbili akiacha 3NT ianguke.

Kosa la jirani ni kuuliza Stayman ukiwa na shupaza tano na jamii kuu nyingine fupi. Mfunguzi mwenye shupaza tatu atajibu 2♦, kwa haki kabisa, kwa kuwa swali lilikuwa la nne. Namba chini ya 2♣ ni nne. Kama una tano, swali lako ni lingine na tamko lako ni lingine. Isipokuwa pale unapokuwa na tano katika moja na nne katika nyingine na nguvu ya kufika mkataba kamili: hapo Stayman ndiyo sahihi, na ikija 2♦ unaruka hadi ngazi ya tatu. Wengi huruka katika ile ya karata tano. Mike Smolen alipendekeza kuruka katika ile ya nne, ili mfunguzi mwenye karata tatu katika ile nyingine ndiye auchezeshe mkataba na mkono wake wenye nguvu ubaki haujaonekana. Njia zote mbili zinapata mwafaka. Kinachoua ni jozi ambayo kila mmoja anafuata yake.

Na sasa ile ya kusahau. Katika mashindano fulani mimi na mwenzangu tulicheza 2♦ tukiwa na uru tano baina yetu, huku kopa tulikuwa nazo tisa. Watazamaji walidhani amesahau uhamisho. Hakusahau. Mpinzani alikuwa amefungua 1♣, mwenzangu akaingia kwa 1NT, na mimi nikasema 2♦ nikiamini uhamisho unaendelea. Yeye aliamini kwamba kanuni zetu za 1NT ni za ufunguzi tu, si za kuingilia. Tulikuwa tumekubaliana neno "uhamisho" bila kukubaliana mipaka yake. Tangu siku hiyo kila jozi ninayoianza nayo huulizwa maswali matatu: Je, Stayman na uhamisho vinatumika 1NT inapokuwa ya kuingilia? Vinatumika baada ya 2NT? Na je, mpinzani akisema kitu baada ya 1NT yetu, kipi kinabaki? Jibu rahisi kwa la mwisho, linalowafaa wanaoanza, ni kwamba mpinzani akitaja 2♣ mfumo wote unabaki na dabo inachukua nafasi ya Stayman, na akitaja chochote cha juu zaidi mfumo unazimwa na jamii unayoitaja ni jamii unayo.

Lipo jambo la uadilifu hapa ambalo sipendi lipuuzwe. Katika mashindano ya Marekani, kwa mfano, mfunguzi anayesikia uhamisho hutakiwa kuutangaza kwa sauti. Ikiwa wewe ulisema 2♦ ukimaanisha uru, ukiwa umesahau, kisha ukasikia mwenzako akitangaza uhamisho, sheria za briji hazikuruhusu kutumia tangazo hilo kujirekebisha. Unaendelea kana kwamba hukulisikia. Mwafaka uliopatikana kwa njia nyingine si wako.

Mmefika 4♠ mkiwa na turufu saba

Hapa ugonjwa ni kinyume: mwafaka umetangazwa na haupo. Tofauti ya karata moja inaonekana ndogo, lakini mkiwa na turufu nane, tano za wapinzani hugawanyika tatu kwa mbili katika asilimia 68 ya mikono. Mkiwa na saba, sita zao hugawanyika tatu kwa tatu katika asilimia 36 tu, na nne kwa mbili katika asilimia 48. Mara nyingi, kwa hiyo, mpinzani mmoja ana turufu nyingi kama zako wewe mwenyewe.

Chanzo cha kwanza ni mifumo miwili kukaa kwenye meza moja. Mchezaji aliyefundishwa Acol, mtindo uliozaliwa London katika miaka ya 1930 na kupewa jina la barabara ya huko, hufungua 1♥ akiwa na kopa nne. Aliyejifunza mtindo wa Kimarekani hufungua akiwa na tano. Wa pili akimwinua wa kwanza kwa karata tatu, yeye ameandika nane na mwenzake ameandika saba. Jozi mpya zikutanapo, hili huulizwa kabla ya kitu kingine chochote.

Chanzo cha pili ni kurudia jamii. Baada ya 1♥, 1♠, mfunguzi anasema 2♥. Katika mitindo mingi hii ni sita. Mwenye tano tu, akiwa na mkono uliosawazika, alipaswa kusema 1NT, au kutaja jamii ndogo aliyo nayo ya karata nne. Wachezaji hurudia karata tano nzuri kwa sababu ni nzuri, na mwenzao mwenye mbili anainua kwa sababu amehesabu nane. Mtu akiwa na A K Q J 5, bado ni tano.

Chanzo cha tatu kina ubishi wa haki ndani yake. Baada ya 1♦, 1♠, mfunguzi anainua hadi 2♠. Shule moja inadai karata nne. Nyingine, ambayo mimi naipendelea, inaruhusu tatu ikiwa mfunguzi ana jamii fupi mahali pengine, kwa kuwa mkono wa namna hiyo unacheza vizuri zaidi kwenye turufu kuliko kwenye NT. Mkiichagua shule ya pili, mjibu mwenye shupaza nne na nguvu ya mkataba kamili asikimbilie 4♠, aulize kwanza. Wengi hutumia 2NT kama swali la kulazimisha, na mfunguzi hujibu kwa kuonyesha kama ana tatu au nne, na kama mkono wake ni wa chini au wa juu. Bila swali hilo, bakini na shule ya kwanza.

Mwafaka mmeupata, ila mmeishia chini mno au juu mno

Kwa kifupi: kuinua 1♥ hadi 2♥ ni karata tatu au zaidi na pointi 6 hadi 9 au 10, kuruka hadi 3♥ katika mtindo wa kawaida ni mwaliko wa pointi 10 hadi 12 na karata nne. Dalili ya kukosa mkataba mdogo wa duru zote isipokuwa moja, yaani kuishia 4♥ na kula kumi na mbili, kwa kawaida hutokana na mjibu mwenye pointi 13 au zaidi na kopa nne ambaye ameruka moja kwa moja hadi 4♥ na kuufunga mnada. Mruko huo ni wa mkono dhaifu wenye turufu nyingi. Mkono wenye nguvu unasema 2NT ya Jacoby, ambayo baada ya ufunguzi wa jamii kuu haimaanishi tena bila turufu: inaahidi turufu nne na mkataba kamili, na mfunguzi hujibu kwa kutaja katika ngazi ya tatu jamii aliyo na karata moja au hana kabisa.

Ndugu yake ni mruko wa kipande, uliobuniwa na David Cliff na Dorothy Hayden katika miaka ya 1960: mjibu anaruka ngazi mbili, kwa mfano 4♣ baada ya 1♥, kuonyesha turufu nne, nguvu ya mkataba kamili na karata moja au sifuri ya pau. Dalili ya kuusahau haifichiki, kwa maana mfunguzi anasema pasi na mnacheza 4♣ mkiwa na pau tatu. Kanuni ya kujikinga ni hii: mwenzako akitaja kwa mruko usio wa lazima jamii ambayo angeweza kuitaja chini zaidi kwa maana ya kawaida, usiseme pasi.

Marty Bergen aliweka kanuni ya kuinua kwa mkono wenye turufu nne: baada ya 1♥ au 1♠, 3♣ ni pointi 7 hadi 10, 3♦ ni mwaliko wa 10 hadi 12, na kuinua kwa mruko hadi ngazi ya tatu ya jamii hiyohiyo ni mkono dhaifu wa kuwazibia wapinzani njia. Msingi wake ni wazo la Mfaransa Jean-René Vernes kwamba jumla ya duru mezani hukaribiana na jumla ya turufu, ambalo kivitendo huwaambia wenye turufu tisa kwamba ngazi ya tatu kwa kawaida si hatari. Ni kanuni nzuri, ila inabadilisha maana ya 3♥ iliyokuwa mwaliko. Mmoja akiitumia na mwingine asipoitumia, mkono wa pointi nne utapelekwa 4♥.

Drury ya Douglas Drury inahusu hali moja tu: mjibu alishasema pasi mwanzoni, na mfunguzi yuko nafasi ya tatu au ya nne, ambako huenda amefungua kwa mkono mwepesi. Badala ya kuruka hadi 3♠ na kuanguka, mjibu anasema 2♣ kuonyesha mwaliko na mwafaka, na katika toleo linalotumika zaidi leo mfunguzi mwepesi anarudi 2♠ na mnada unasimama hapo.

Mjibu ana shupaza tano, mfunguzi ana tatu, na mmekwama kwenye NT

Ningependa wasomaji wakae hapa kidogo, kwa sababu dalili hii haionekani. Hakuna anayeanguka kwa aibu. Mnapata alama za wastani au chini yake jioni baada ya jioni, na hamjui kwa nini.

Mfunguzi: ♠ K 10 5 ♥ A 8 ♦ A J 7 4 ♣ J 9 6 3
Mjibu: ♠ A Q 8 6 2 ♥ K 7 4 ♦ Q 5 ♣ Q 8 4

Mnada ni 1♦, 1♠, 1NT. Andika namba. Tamko la 1♠ limeahidi nne tu. Tamko la 1NT limesema mfunguzi hana shupaza nne, lakini halijasema kama ana mbili au tatu. Mjibu mwenye tano anajua kuwa huenda mwafaka upo, ila hana njia ya kawaida ya kuhakikisha: 2♠ ni mkono dhaifu unaotaka kusimama, 3♠ kwa wengi ni sita na mwaliko, 3NT inaufunga mnada.

Tiba ni kuitumia jamii ndogo ambayo haijatajwa kuwa swali. Hapa mjibu anasema 2♣, bila kujali pau zake, akiwa na nguvu ya mwaliko au zaidi. Mfunguzi mwenye shupaza tatu anasema 2♠ kwa mkono wa chini, 3♠ kwa wa juu. Asiye nazo, lakini ana kopa nne ambazo hazijatajwa, anasema 2♥. Asiye na lolote anasema 2♦ au 2NT. Katika mfano wetu inakuja 2♠, na mjibu anataja 4♠. Shida ya kawaida ya wanaoanza ni kwamba mfunguzi anasahau na kusema pasi kwenye 2♣, au mjibu mwenye pau tano na mkono dhaifu anataka kusimama 2♣ na hawezi tena. Hiyo ndiyo bei ya kanuni hii, na inastahili kulipwa.

Pale ambapo mfunguzi hakusema 1NT bali ametaja jamii ya tatu, kwa mfano 1♦, 1♠, 2♣, kazi hiyohiyo inafanywa na jamii ya nne: 2♥ inakuwa swali la kulazimisha, wazo lililotangazwa na Mwingereza Norman Squire. Mfunguzi kwanza anaonyesha shupaza tatu kama anazo. Kama hana, anataja NT akiwa na kizuizi katika kopa, yaani karata ya kuwazuia wapinzani katika jamii hiyo. Kosa la mara kwa mara ni mfunguzi mwenye vyote viwili kuchagua NT. Shupaza tatu zitangulie.

Mpinzani ameingilia, na kopa zenu zimezimika

Mwenzako anafungua 1♦, mpinzani anasema 1♠, nawe una kopa nne na pointi nane. Huwezi kutaja 2♥, maana kutaja jamii mpya katika ngazi ya pili kunaahidi tano na pointi kumi au zaidi. Unasema pasi, mnada unakwisha, na kopa nane zinabaki mikononi. Mwaka 1957 Alvin Roth na Tobias Stone waliitoa dabo katika kazi yake ya adhabu kwenye hali hii na kuipa kazi ya kuonyesha jamii kuu ambayo haijatajwa. Kwa kuwa satelaiti ya kwanza ilikuwa imerushwa mwaka huo, wachezaji waliiita Sputnik. Leo huitwa dabo hasi na jozi nyingi hutumia.

Matatizo yake ni ya namba tena. Baada ya 1♦ na mpinzani 1♠, dabo ni kopa nne au zaidi. Baada ya 1♣ na mpinzani 1♥, wengi hugawa kazi: dabo ni shupaza nne kamili, na kutaja 1♠ ni tano. Mfunguzi asiyejua mgawanyo huu atainua 1♠ kwa tatu akidhani anacheza kubahatisha, au atainua dabo kwa tatu akidhani ana nane. Kubalianeni pia dabo hasi inaishia ngazi gani. 2♠ au 3♠ ni mipaka ya kawaida. Na kwa kuwa dabo ya adhabu imeondoka, mfunguzi mwenye karata chache katika jamii ya mpinzani asiharakishe kusema pasi mnada unapomrudia: huenda mwenzake amesema pasi kwa kuwa ana mkono uleule ambao zamani angeupigia dabo. Afungue tena kwa dabo.

Upande wa pili wa meza, ninyi mkiwa waingiliaji, matamko yanayoonyesha jamii mbili kwa pamoja ndiyo yenye faida kubwa na ajali kubwa. Kwa kanuni ya Mike Michaels, 2♣ juu ya 1♣ ya mpinzani inaonyesha jamii kuu zote mbili, tano kwa tano. 2♥ juu ya 1♥ inaonyesha shupaza tano na jamii ndogo ambayo bado haijulikani. Ajali hutokea katika hiyo ya pili, mwenzako anapokuwa na shupaza moja na hajui ni jamii ndogo ipi. Asikisie. Atamke 2NT, nawe utaitaja.

Jozi mpya ikiniuliza ianze na ipi, huwapa mpangilio huu: Stayman na uhamisho pamoja na maswali yale matatu ya mipaka, mwezi mzima bila kuongeza kitu, kisha dabo hasi, kisha jamii ndogo ya kuuliza baada ya 1NT ya mfunguzi, kisha 2NT ya Jacoby. Kanuni za Bergen na Drury zisubiri hadi karatasi zenu mbili zitakapokuwa zimetoka na namba zilezile jioni kadhaa mfululizo.